Mwendo Usioutumia Ndio Ghali

Leo naomba tuzungumzie tatizo ambalo wengi wetu tungefurahi kuwa nalo: fedha zipo, mtu anataka gari la spoti la daraja la juu, na hajui achukue lipi. Usizime redio kwa kudhani mada haikuhusu. Hesabu nitakayoieleza ni ile ile anayoikwepa kijana anayeuza kiwanja cha urithi ili anunue Subaru ya turbo. Tofauti ni idadi ya sifuri tu.

Mnunuzi wa gari la namna hii huanza na namba mbili: sekunde za kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa. Namba hizo huchapishwa kila mahali na watoto wa shule wanazijua kwa kichwa. Namba ya tatu ni bei ya dukani, nayo haifichwi. Namba ya nne ni gharama ya kukaa na gari hilo kwa mwaka mzima, na hiyo utaitafuta mwenyewe. Wazee walisema kazi si kuzaa, kazi ni kulea. Hoja yangu jioni hii ni kwamba malezi ya gari hupangwa na wahandisi kwenye meza ya kuchorea, muda mrefu kabla mnunuzi hajalitia machoni, na kwamba mwendo ulio ghali kuliko wote ni ule unaoulipia bila kuutumia.

Tuanze na Ferrari F355. Gari hili lilitoka mwaka 1994 na likaacha kutengenezwa mwaka 1999. Injini yake ni V8 ya lita 3.5, yenye valvu 5 kwa kila silinda, yaani valvu 40, na nguvu ya farasi 380. Inazunguka mpaka mara 8,500 kwa dakika, na ikifika huko hutoa mlio ambao wapenda magari wanautaja mpaka leo kwa macho yaliyolegea.

Sasa sogea karibu nikuonyeshe kitu kimoja. Ndani ya injini hiyo kuna mkanda wa taimingi, mpira wenye meno, ambao kazi yake ni kuhakikisha valvu zinafunguka na kufunga sambamba na pistoni zinavyopanda na kushuka. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni zinagonga valvu, na kilichobaki ni chuma chakavu chenye jina la Kiitaliano. Kwa hiyo hubadilishwa mapema. Mafundi wengi wa Ferrari hushauri kila baada ya miaka mitatu hadi mitano, hata kama gari lilikuwa limelala tu, maana mpira huzeeka kwa kalenda kama sisi.

Mkanda huo umekaa upande wa mbele wa injini. Injini yenyewe iko nyuma ya viti, na kati ya mkanda na migongo ya wanaokaa humo kuna ukuta wa bodi. Mkono wa fundi haupiti. Basi gari linapandishwa kwenye lifti, magurudumu ya nyuma yanatolewa, maji na oili vinamwagwa, gesi ya kiyoyozi inanyonywa. Hosi zinachomolewa moja moja na kuwekewa alama, mabomba ya mafuta yanafungwa, nyaya zinaachanishwa, mifereji ya breki inafunguliwa. Meza imara inasukumwa chini ya gari, fundi analegeza boliti zinazoshika fremu ya nyuma, kisha lifti inainuliwa taratibu. Bodi inapanda juu, na injini inabaki imekaa mezani pamoja na giaboksi na miguu ya nyuma.

Fundi mwenye akili hawezi kuishia kwenye mkanda. Ziko beringi za kuukaza, ziko sili za shafti, gasketi, hosi za maji, na klachi nayo inatazamwa. Akiacha kimoja kikaja kuvuja baada ya miezi sita, injini itashuka tena na bili itaanza upya. Ndiyo maana katika gereji za Marekani sevisi hiyo kubwa, na vinavyoandamana nayo, hupita dola 8,000 kirahisi. Gari halikuharibika. Lilikuwa zima, na dola 8,000 zimetoka ili liendelee kuwa zima.

Ferrari wenyewe walilijua hilo. Gari lililofuata, 360 Modena ya mwaka 1999, liliwekewa mfuniko nyuma ya viti ili fundi aufikie mkanda bila kushusha injini. F430 ya mwaka 2004 ikaachana na mkanda kabisa, ikatumia mnyororo. Aliyekuwa anasoma jedwali la sekunde hakuona badiliko lolote hapo. Fundi aliliona siku ya kwanza alipofungua boneti.

Pembeni mwa F355 weka Honda NSX. Ilizinduliwa mwaka 1990, na Honda hawakuficha kwamba waliilenga Ferrari. Bodi ilikuwa ya alumini tupu, jambo ambalo gari la kutengenezwa kwa wingi halikuwa limewahi kufanya. Ndani ya injini yake ya V6 mikono ya pistoni ilikuwa ya titani. Dereva wa mbio Ayrton Senna alipolijaribu kwenye uwanja wa Suzuka mwaka 1989, aliwaambia wahandisi kwamba bodi inalegea, nao wakarudi kuikaza. Gordon Murray, aliyebuni McLaren F1, amesema waziwazi kwamba NSX ndiyo iliyomfundisha jinsi gari la kasi linavyoweza pia kuwa gari la kwendea kazini.

Namba zake? Farasi kama 270, mwendo wa juu kama kilomita 270 kwa saa. F355 inafika karibu 295. Kufika 100, Ferrari hutumia chini ya sekunde 5, Honda kati ya 5 na 6. Nchini Marekani NSX iliingia sokoni kwa dola 60,000 hivi, na F355 ilipokuja iliuzwa zaidi ya dola 120,000. NSX nayo ina mkanda wa taimingi, ila unabadilishwa injini ikiwa mahali pake, na fundi aliyezoea Honda za kawaida anaitambua kazi aliyonayo mbele yake.

Kwa hiyo swali kwa mnunuzi wa wakati ule lilikuwa hili: sekunde moja pungufu, kilomita 25 za mwendo wa juu, na ule mlio, je, vina thamani ya bei kubwa zaidi pamoja na injini kushushwa kila baada ya miaka michache? Wapo waliojibu ndiyo, na sitawacheka. Mlio wa F355 ni kitu ambacho Honda haikukitengeneza, na furaha ya mtu haipimwi kwa saa ya mwamuzi. Ninachodai ni kwamba aliyejibu ndiyo awe amejiuliza kwanza. Wapo waliouza Ferrari zao kwa hasara siku walipopewa makadirio ya sevisi ya kwanza kubwa, na aliyefuata akazinunua akidhani ameokota.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Hizi ni namba za mfano, weka zako ukipenda. Tuseme gari linakula dola 12,000 kwa mwaka kabla halijatoka getini: bima, kushuka kwa thamani, na akiba unayoweka kwa ajili ya sevisi ile kubwa. Ukiliendesha kilomita 1,500 kwa mwaka, kila kilomita imekula dola 8, na petroli bado. Ukitoka Jumapili kwenda kunywa kahawa kilomita 20 na kurudi, umetumia dola 320, na kahawa hujailipia. Ukiliendesha kilomita 10,000, zile zile dola 12,000 zinagawanyika hadi dola 1 na senti 20 kwa kilomita. Tairi, pedi za breki na petroli zitaongezeka, hilo halina ubishi. Lakini hizo angalau zimeisha ukiwa umeshika usukani.

Hapo ndipo watu wengi wanapojikoroga. Mtu ananunua gari ghali, anaogopa kuliongezea kilomita lisije likashuka bei, analifunika turubai. Mkanda unazeeka humo humo. Tairi zinakakamaa. Betri inakufa, sili zinakauka na kuanza kuvuja, na bima haijui kama gari lilitoka au lilikaa. Mwenye gari anadhani anabana matumizi, kumbe gharama kwa kila kilomita inapaa. Gari la namna hiyo linakuwa na kasi ya kilomita 300 kwenye kitabu na kasi ya sifuri maishani.

Msikilizaji, usije ukadhani kwamba kasi na unafuu ni maadui siku zote. Wakati mwingine vinakaa nyumba moja, na mfano mzuri ni Porsche 911 ya kizazi kinachoitwa 996, kilichotoka mwaka 1997. Hiyo ndiyo 911 ya kwanza kupozwa kwa maji. Katika toleo la kawaida, Carrera, injini ina shafti ya kati inayoendesha minyororo ya valvu, na mwisho wa shafti hiyo kuna beringi ndogo unayoweza kuifumbata mkononi. Katika baadhi ya magari beringi hiyo ilikuwa inasagika. Ikisagika, unga wa chuma unaingia kwenye oili, minyororo inapoteza mpangilio wake, na injini nzima inakwenda. Kadhia hiyo ilifika mahakamani Marekani na ikamalizwa kwa maelewano mwaka 2013. Kwa kifaa kidogo kama hicho, mtu anapewa bili ya injini inayokaribia bei ya gari lote.

Katika kizazi hicho hicho kulikuwa na 911 Turbo na 911 GT3. Hizo zilipewa injini nyingine, ya ukoo wa mhandisi Hans Mezger, ukoo ambao ulitoa injini ya gari lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1998. Injini hiyo haina beringi ile. Turbo ilikuwa na farasi 420, Carrera za mwanzo 300. Kwa maneno mengine, ndugu mwenye kasi zaidi ndiye aliyekuwa na moyo imara zaidi, kwa sababu alizaliwa kwa ajili ya kuteswa saa 24. Sisemi hana maradhi: mabomba yake ya maji yamegundishwa kwa gundi kwenye viungo, na gundi hiyo huachia miaka ikienda. Lakini ugonjwa huo unajulikana na unatibika kabla haujaua. Aliyechagua Carrera iliyotumika kwa sababu bei yake ilikuwa chini, bila kuuliza habari ya beringi, alinunua gari la pole kwa hatari kubwa.

Na kwa kuwa tuko kwenye magari ya mkononi, nikuachie siri moja ya mafundi wa Porsche. Kompyuta ya injini huhifadhi kumbukumbu za kila mara injini ilipozungushwa kupita kiwango. Inazipanga kwa mafungu, kuanzia kupita kidogo hadi kupita kwa namna ya kutisha, na inaandika ilitokea injini ikiwa imefanya kazi saa ngapi. Dereva akikosea gia, akatoka ya tano akaingiza ya pili badala ya ya nne, hilo linaandikwa na halifutwi kwa kuosha gari. Fundi anachomeka kifaa chake, anasoma kwa dakika chache, na anaweza kumwambia muuzaji mwenye suti na maneno matamu kwamba gari hili lilipata msukosuko mkubwa mara kadhaa. Ukaguzi wa aina hiyo ni fedha kidogo kuliko tairi moja. Mtu anayekataa gari lake likaguliwe na fundi uliyemleta wewe, mshukuru, umpe mkono, na uondoke.

Porsche hiyo hiyo inatupa mfano mwingine. Tangu mwaka 2001 kampuni hiyo imekuwa ikiuza diski za breki za kaboni na kauri, zilizo nyepesi kama nusu ya zile za chuma. Kwenye barabara ya kawaida zinadumu sana na hazitoi lile vumbi jeusi linalochafua rimu. Ukizipeleka kwenye uwanja wa mbio kila mwezi, joto linazila, na diski moja mpya ni maelfu ya dola. Ndiyo maana wenye magari wanaokwenda uwanjani mara kwa mara huzivua wakaziweka stoo, wakafunga za chuma. Kitu kile kile ni akiba kwa mmoja na maumivu kwa mwingine, kutegemea anakokwenda nacho.

Sasa tuwatazame wanaotafuta kasi ya bei nafuu. Mwaka 2007 Nissan walizindua GT-R ya kizazi cha R35 kwa yeni milioni 7.77. Injini V6 ya lita 3.8, turbo mbili, farasi 480, ikiungwa kwa mkono na mafundi wachache mahususi huko Yokohama. Mhandisi mkuu, Kazutoshi Mizuno, alitaka gari ambalo mtu yeyote angeliendesha kwa kasi kubwa, katika hali ya hewa yoyote. Alifanikiwa, na gari hilo likawasumbua wakubwa waliokuwa wakiuza kwa bei ya mara mbili.

Ila gari lina uzito wa kilo 1,740 hivi, na uzito huo lazima usimamishwe na ugeuzwe kwenye kona. Tairi na breki ndizo zinazolipa, na tairi zake si zile unazozikuta kila duka. Giaboksi yake, yenye klachi mbili na iliyowekwa nyuma, ndiyo iliyoleta mzozo mkubwa zaidi. Magari ya mwanzo yaliyouzwa Marekani yalikuwa na mpango wa kompyuta wa kuondokea kwa kishindo: unakanyaga breki na mafuta kwa pamoja, injini inapanda, unaachia, gari linaruka. Baadhi ya wenye magari walivunja giaboksi kwa mchezo huo, kukawa na malumbano makali juu ya garantii, na baadaye Nissan wakatoa programu mpya iliyoondoa ule ukali. Fikiria hilo kwa utulivu. Zile sekunde zilizoandikwa kwenye jedwali, ndizo hizo hizo zilizokuwa zinavunja giaboksi. Mwenye GT-R anayeendesha kwa heshima, anayebadilisha oili ya giaboksi kwa wakati, amepata mwendo mwingi kwa fedha yake kuliko karibu mtu yeyote. Anayerudia kuruka kwenye taa kila jioni anaikaribia bili ya Porsche bila kuwa na Porsche.

Twende mbali zaidi, mpaka kileleni, maana kule ndiko hesabu inakoonekana wazi. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilikuwa na farasi 1,001 na ilifika kilomita 407 kwa saa. Kwa nini farasi wengi hivyo? Jibu ni hewa. Ukiongeza mwendo maradufu, nguvu ya kuipasua hewa haiongezeki maradufu, inaongezeka mara nane. Veyron ikienda kilomita 250 kwa saa haihitaji hata farasi 300. Farasi wengine wote waliobaki, zaidi ya 700, wapo kwa ajili ya kilomita zile 150 za mwisho. Kwa sababu yao gari likahitaji radieta 10. Tairi zake zikatengenezwa mahususi, na seti moja ikauzwa makumi elfu ya dola. Tangi la lita 100, ukikanyaga mpaka chini, linaisha kwa dakika 12 hivi. Ungetoka Dar es Salaam kwa mwendo huo, barabara ikiwa tupu na imenyooka, ungeishiwa mafuta kabla ya kufika Chalinze.

Kanuni hiyo ya hewa inamgusa kila mnunuzi, hata asiyeota Bugatti. Kilomita za kwanza za mwendo ni za bei rahisi na za mwisho ni za bei ya kutisha. Gari linalokwenda 250 na gari linalokwenda 330 yanaweza kutofautiana bei mara mbili, na ile tofauti yote imelala katika eneo la spidomita ambalo mshale wako hautalifikia kamwe.

Kwani utalifikia wapi? Kenya barabara kuu zina kikomo cha kilomita 110. Ndugu zetu walioko Oman wana barabara pana na laini kama kioo, lakini kwenye zilizo bora kikomo ni 120 na rada hazilali. Tanzania ukikaribia kijiji kibao kinasema 50, na nyuma ya mwembe yuko askari na tochi yake. Magari mengi ya daraja hili hupita 110 yakiwa bado kwenye gia ya pili. Ujerumani zipo sehemu za barabara kuu zisizo na kikomo, na hata huko malori na msongamano hukuamulia. Anayetaka kuutumia mwendo wote inabidi alipie uwanja wa mbio, na uwanja nao una gharama zake za tairi na breki, tena bima nyingi za kawaida hazikufuati mpaka huko.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mizigo mingine. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mkononi lililozidi miaka 8, wala lenye usukani wa kushoto, na magari ya petroli yenye injini inayozidi cc 3,000 yanatozwa ushuru wa bidhaa wa juu kuliko madogo. Tanzania inaruhusu ya zamani zaidi, ila inakutoza nyongeza ya uchakavu. Hayo yote unalipa mara moja. Linalokula polepole ni spea. Beringi ya Subaru utaipata Gerezani, Kariakoo, au Grogan kule Nairobi, siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Kifaa cha Ferrari kitaagizwa, kitasubiriwa, kitalipiwa ushuru, na huenda kikahitaji fundi wa kukifuata kwa ndege. Gari lililokaa miezi miwili likisubiri hosi limekupa miezi miwili ya mwendo wa sifuri, na lile fungu la bima limeendelea kukatwa.

Barabara zetu ziliwahi kutoa somo hili mbele ya dunia. Mwaka 1978 Porsche walileta 911 kwenye mashindano ya Safari Rally, zimeinuliwa na kuimarishwa. Vic Preston Junior alijitahidi akamaliza wa pili. Aliyeshinda alikuwa Mfaransa, Jean-Pierre Nicolas, akiendesha Peugeot 504 kupe, ndugu wa zile 504 ambazo abiria wetu walikuwa wakizipanda kwenda mikoani. Na miaka michache kabla ya hapo, 1971 na 1973, Safari ilichukuliwa na Datsun 240Z, mara ya kwanza mikononi mwa Edgar Herrmann, mara ya pili mikononi mwa Shekhar Mehta. Datsun hiyo ilikuwa gari la spoti halisi, lililouzwa Marekani kwa takriban dola 3,500, kwa injini ambayo fundi wa kawaida angeweza kuielewa.

Kuna mtu mmoja wa upande wa pili wa hoja hii ambaye lazima tumpe haki yake, na nyote mnamjua kwa sura: Rowan Atkinson, Mr Bean. Mwaka 1997 alinunua McLaren F1 kwa pauni 640,000. Zilitengenezwa 106 tu. Angeweza kulifunika turubai, lakini aliliendesha, akafikisha zaidi ya kilomita 60,000. Mwaka 2011 aliligonga kwenye mti, na bima ikalipa kama pauni 910,000 kulitengeneza. Alirudi barabarani nalo, na mwaka 2015 akaliuza kwa pauni milioni 8. Usichukue faida hiyo kama ahadi. McLaren nyingine, MP4-12C ya mwaka 2011, ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake ndani ya muongo mmoja, maana zilitengenezwa nyingi na nyingine bora zikafuata upesi. Kinachonivutia kwa Atkinson ni zile kilomita. Gari ghali kuliko karibu yote duniani, mwenyewe akalitumia kwenda alikokuwa anakwenda.

Basi, msikilizaji, ushauri wangu ni huu. Kabla hujafika shorumu, andika kwenye karatasi kilomita utakazoendesha kwa mwaka, bila kujidanganya, na barabara utakazopita. Kisha nenda kwa fundi asiyeuza magari, umuulize nini hufa katika kila gari unalolitamani, hufa lini, na mkono wake unakifikiaje. Jumlisha bima, sevisi hiyo, tairi na kushuka kwa thamani, ugawe kwa zile kilomita. Mwisho jiulize ni gari lipi utalitoa nje asubuhi ya Jumanne bila kuogopa bili. Likiwa ni Ferrari, na hesabu imekubali, chukua Ferrari na uiendeshe mpaka tairi ziishe. Likiwa ni lenye farasi wachache zaidi, lichukue hilo, na jirani akikupita kwenye taa mwache apite; wewe unajua kila farasi uliyemlipia anafanya kazi.